Kikao Juu ya Duka la Vyombo

Wivu wa Kijakazi ulianza na pasi. Asubuhi moja alitoka chumbani kwake akamkuta mdogo wake Bakili, mwanaume mzima, karani wa wakala wa forodha bandarini, amekaa uani anapiga pasi shati la mkewe. Shati jeupe la kwendea chuo. Ananyoosha kola, anageuza, analiinua kwenye mwanga aone kama kuna mkunjo umebaki. Shati lake mwenyewe alikuwa keshalivaa, limejikunja mgongo mzima.

"Hiyo kazi umeianza lini?" Kijakazi akauliza.

"Najma ana mtihani leo, dada. Nampunguzia."

"Mimi naenda dukani miaka yote hii, hujawahi kuninyooshea hata mtandio."

Bakili akacheka, akidhani anataniwa. Kijakazi naye akacheka ili isijulikane kwamba hakuwa anatania, akachukua ndoo akaingia bafuni. Alioga kwa hasira siku hiyo, akasahau hata kujipaka sabuni.

Nyumba yao ilikuwa ya Kiswahili, ya urithi, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo, mojawapo ya zile chache ambazo bado hazijauzwa zikapandishwa ghorofa. Mama yao, Bi Mgeni, alilala chumba cha mbele. Bakili na Najma walikaa cha katikati, chenye dirisha. Kijakazi, aliyeachika zamani akarudi nyumbani, alikaa cha uani karibu na choo. Najma alikuwa mtoto wa Kigamboni, mpole, mwepesi wa kucheka, na sasa alikuwa anamalizia stashahada ya usimamizi wa rasilimali watu katika chuo kimoja cha ufundi. Ada alilipa Bakili.

Mtaani Kijakazi alilifanyia jambo hilo mzaha. "Chuo cha ufundi wenzake wanasomea umeme, wanasomea magari," aliwaambia mashosti zake. "Yeye anasomea watu. Tukiharibika atatufungua kwa spana." Mashosti walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini jioni, Najma akisoma kwa sauti chumbani kwake, taratibu za usaili, haki za mfanyakazi, Kijakazi alikuwa anapunguza redio yake asikilize. Hakuna aliyejua hilo, na angeulizwa angekana.

Ikaja zamu ya fildi, yaani kila mwanafunzi aende kazini akajifunze kwa vitendo. Najma alizunguka ofisi za mtaa wa Posta, katikati ya jiji, mpaka viatu vikalegea, akaambiwa kila mahali nafasi zimejaa. Ndipo Bakili akamgeukia dada yake.

"Ongea na bosi wako, dada. Amchukue hata kwa muda mfupi tu."

"Duka la masufuria lina rasilimali watu gani?"

"Mwenzio anataka kusoma," Bi Mgeni akaingilia, mkono kwenye ungo wa mchele. "Kumsemea kuna ubaya gani?"

Kijakazi akaenda kumsemea, tena kwa namna ya mtu anayeomba akataliwe. Bosi wake alikuwa Mzee Eliakimu, mtu wa Kilimanjaro, mwenye duka la jumla la vyombo, masufuria na chupa za chai na mahotipoti yamepangwa mpaka dari. "Bosi, nina wifi yangu anatafuta fildi," akamwambia. "Ila najua huna nafasi."

"Nafasi ipo," Eliakimu akasema. Wakaguzi wa kazi walikuwa wanapita mtaa kwa mtaa kuuliza mikataba ya wafanyakazi, na yeye hakuwa na mkataba hata mmoja. "Mwambie aje Jumatatu."

*

Najma alipewa meza ghorofani, kile chumba kidogo cha mbao kilicho juu ya duka, penye feni na kiti cha kuzunguka. Chini, Kijakazi alikuwa mkuu wa kaunta. Hakuna mteja wa Kongo wala wa Zambia aliyewahi kununua pale asimjue Dada Kija. Miaka yote hiyo mama wa chai akifika na birika lake alianza na Dada Kija. Wiki ile ile ya kwanza akaanza kupita na kikombe kwenda juu.

"Samahani, dada," akasema mama wa chai akishuka. "Bosi kasema Madam wa ghorofani asicheleweshwe."

"Mpelekee tu. Mimi nimeshakunywa nyumbani," Kijakazi akajibu, na hakuwa amekunywa kitu.

Kisha wafanyakazi wakaitwa mmoja mmoja kuandikiwa mikataba. Kijakazi alipopanda, Najma alisimama kwa heshima, akampisha kiti.

"Wifi, barua yako ya kuomba kazi unayo?"

"Sikuomba kwa barua. Nilikuja, nikaambiwa shika ufagio."

Najma akacheka kidogo, bila ubaya wowote, kama watu wa nyumba moja wanavyochekeana. Kijakazi hakucheka. Kalamu ikaendelea mpaka ikafika penye cheo.

"Hapa niandike nani?"

"Andika unavyojua. Si wewe ndiye uliyesoma?"

Najma akaandika "Muuzaji". Kijakazi akalitazama neno hilo. Safari, yule kijana aliyeajiriwa juzi juzi kubeba maboksi na sasa anauza, naye alikuwa ameandikwa Muuzaji.

"Bosi ndiye aliyesema hivyo, wifi," Najma akasema taratibu. "Nitamkumbusha."

"Usimkumbushe kitu kwa ajili yangu. Nisaini wapi?"

Najma akamwonyesha kwa ncha ya kidole. Kijakazi akasaini, akashuka, na siku nzima hakusema na mteja zaidi ya bei. Tuseme ukweli, hakuna aliyemkosea kwa makusudi. Lakini wivu haungoji ukosewe kwa makusudi, nao ulikuwa umeshakaa kifuani kwake umekunja miguu.

*

Sasa, maduka ya Kariakoo yana desturi yao. Mtu akiingia na faili mkononi, haulizi bei, haangalii bidhaa, anamtafuta mwenye duka kwa jina, jibu ni moja tu: hayupo. Awe wa kodi, awe wa leseni, awe wa michango ya harusi. Eliakimu mwenyewe ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wake, na aliyefuzu kuliko wote alikuwa Kijakazi.

Jumanne moja mchana, mikokoteni imefunga barabara na makuli wanatukanana, aliingia mama mmoja wa makamo, nadhifu, faili kwapani.

"Habari za kazi, dada. Nimemkuta mwenye duka?"

"Hayupo," Kijakazi akasema bila hata kuinua macho. Ulimi ndivyo ulivyozoea.

"Basi hata Najma tu. Mimi naitwa Severa, ni mwalimu wake wa chuo. Nimekuja kumkagua akiwa kwenye fildi. Huwa tunakuja bila taarifa."

Hapo ndipo pa kuangalia vizuri. Jibu la kwanza lilikuwa la duka, na halikuwa na dhambi kubwa. Ilimpasa Kijakazi aseme samahani mwalimu, panda ngazi hizo, yuko juu. Midomo ilikuwa imeshafunguka kusema hivyo. Akaiona ile kadi ya chuo iliyoning'inia shingoni kwa mwalimu, utepe wake wa bluu kama wa Najma.

"Najma?" akasema. "Yule huja akijisikia. Wiki nzima hii hatujamwona."

"Wiki nzima?"

"Labda ana shughuli zake. Si unawajua wasichana wa chuo."

Mwalimu akaandika kitu kwenye faili, akashukuru, akatoka akikwepa mkokoteni wa viroba. Alikuwa na wanafunzi wengine wa kuwatembelea. Safari, aliyekuwa anafungua boksi la sufuria hatua mbili kutoka pale, akamtazama Kijakazi kwa mshangao. Kijakazi akamwambia ayapange yale masufuria vizuri, yamekaa upande.

*

Habari zilifika nyumbani siku ile ile baada ya magharibi. Najma aliingia uani simu ikiwa mkononi, uso umevimba kwa kulia, akamkabidhi mumewe asome mwenyewe. Chuo kilisema hakukutwa kazini, kwamba kwa maelezo ya watu wa pale hajaonekana wiki nzima, na kwamba fildi yake imefutwa. Arudie mwakani na darasa lingine.

"Kuna makosa," Najma akasema. "Nilikuwepo, Bakili. Kila siku nilikuwepo."

Bakili alisoma mara ya pili. Kazi yake bandarini ilikuwa kusoma makaratasi ya mizigo, na kilichoandikwa na kilichomo kontenani vikitofautiana anajua kuna mtu anaficha jambo. Kijakazi alikuwa anakuna nazi kwenye mbuzi. Aliona uso wa mdogo wake unavyobadilika.

"Wiki nzima," Bakili akasema. "Na mimi kila asubuhi nanyoosha shati. Nilikuwa nanyooshea nani?"

"Unasema nini?"

"Nakuuliza ulikuwa wapi. Huyo Allen wenu wa kazi za kikundi, anayekupigia mpaka tunakula, naye fildi yake iko wapi?"

"Allen yuko Morogoro kwenye fildi yake. Usinivunjie heshima mbele ya mama." Najma akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamshika Kijakazi mkono. "Wifi, tuko duka moja. Si unaniona kila siku? Mwambie."

Nazi ilikuwa bado nusu. Kijakazi alijua kabisa kwamba neno moja lingemaliza mambo. Lakini alimwona Bakili anavyotetemeka kwa ajili ya mwanamke huyu, akajiuliza ni lini kuna mtu aliyewahi kutetemeka kwa ajili yake yeye.

"Mimi niko chini kwenye kaunta," akasema. "Wewe uko juu. Nitajuaje?"

Najma akauachia mkono.

"Kija," Bi Mgeni akasema kutoka mlangoni. "Kama kuna unachokijua, kiseme."

"Nimesema, mama."

Bakili akaingia ndani, akatoka na mkoba wa mkewe, akauweka kwenye kizingiti. Hakupiga kelele. "Nenda kwenu kwanza," akasema. "Nikishafikiri nitakuja kuongea na baba yako." Najma hakubishana. Alijifunga mtandio vizuri, akamuaga mama mkwe wake kwa adabu zote, akaenda Magogoni kupanda pantoni avuke kwenda Kigamboni.

Kijakazi alimaliza kukuna nazi. Akapika wali ukatoka mzuri, akampakulia Bakili sahani iliyojaa. Hakuigusa. Dada mtu alikuwa amengoja kwa hamu siku ambayo atabaki tena na mdogo wake kwenye mkeka mmoja kama zamani, na siku yenyewe ndiyo hiyo, wali unapoa.

*

Asubuhi aliamini atalikuta ghorofa limefungwa. Alimkuta Najma amesimama mbele ya mlango wa duka, amevaa gauni la kuazima, amevuka na pantoni ya alfajiri.

"Shikamoo, wifi," Najma akasema. Sauti haikuwa na utani tena, lakini salamu aliitoa.

"Marahaba," Kijakazi akaitika, funguo zikamshinda kwenye kufuli.

Eliakimu alipofika, yeye na Najma walipanda juu. Haukupita muda akashuka peke yake, simu mkononi, miwani kwenye paji la uso. Alikuwa ameongea na mwalimu.

"Nani alikuwa kaunta jana mchana?"

Safari akachukua kitambaa akaanza kufuta chupa ya chai ambayo haikuwa na vumbi.

"Mwalimu anasema ni mwanamke," Eliakimu akaendelea. "Ana kipini puani. Anasema alijitaja jina na kazi yake. Humu ndani mwenye kipini ni mmoja." Akamgeukia. Siku zote humwita Kija. "Kijakazi. Kesho pumzika."

Mgeni angedhani kapewa likizo. Kariakoo kila mtu anajua maana yake: usirudi. Hakuna barua, hakuna maelezo, mtu anachukua ndala zake chini ya kaunta anaondoka, na kesho yake nafasi ina mtu mwingine. Kijakazi mwenyewe alikuwa ameshawaona wangapi wakiambiwa hivyo, na wengine ni yeye aliyetumwa kuwaambia. Akainama kutafuta ndala zake.

"Hapana, mzee," ikasema sauti kutoka kwenye ngazi. Najma alikuwa amesimama katikati. "Huwezi kumwachisha hivyo. Mkataba wake umeusaini mwenyewe. Anatakiwa aandikiwe kosa lake, apewe muda, asikilizwe."

"Huyu ndiye aliyekuharibia, na wewe unamtetea?"

"Simtetei. Nataka ajibu." Najma akashuka ngazi moja. "Ukimwambia apumzike hatajibu kitu. Ataenda nyumbani aseme amefukuzwa kwa sababu yangu, na watamwamini yeye."

Eliakimu akakuna kichwa. Hakupenda, lakini wakaguzi wa kazi walikuwa hawajamaliza mtaa. "Haya. Fanya hicho kikao chako. Na huyo mwalimu wako si anarudi kesho Alhamisi kukukagua upya? Aje akukague humo humo, tumalize mara moja."

Jioni hiyo Najma alimletea Kijakazi bahasha pale kaunta. Aliikabidhi kwa mikono miwili. "Mwalimu atakuwepo, anakagua ninavyoandaa. Usipotaka akae, ni haki yako, sitalazimisha. Na una haki ya kuja na mtu wa kukusindikiza."

Kijakazi aliyachukia maneno yale kuliko matusi. Angetukanwa angejua la kufanya.

"Dada Kija, mbona rahisi," Safari akamnong'oneza Kijakazi, Najma aliposhapanda. "Sema ulidhani ni mtu wa kodi. Bosi mwenyewe ndiye katufundisha. Mwalimu akisema alijitaja, wewe sema makelele ya barabarani hukusikia. Nani atakupinga? Mimi nilikuwa nafungua boksi."

Lilikuwa jibu zuri, lisilomgharimu mtu. Kijakazi akarudi nalo nyumbani akilifanyia mazoezi moyoni.

*

Alipofika alimkuta Bakili chumbani kwake, mlango wazi, amemwaga vitu vya Najma kitandani. Vitini vya chuo, kalamu, chupa ya mafuta ya nywele, kadi ya maktaba. Alikuwa anafungua kurasa moja moja na kuzitikisa, anatafuta karatasi ya mwanaume. Hakukuwa na karatasi ya mwanaume. Hilo nalo lilizidi kumtia wazimu.

"Amezificha," akasema. "Dada, niambie ukweli. Hujawahi kumwona na mtu? Hata kwa mbali? Hata mteja?"

Ndevu hajanyoa, macho mekundu, mkono umeshika chupi ya mkewe bila kujua ameshika nini. Kijakazi alisimama mlangoni akaona jinsi wivu unavyomfanya mtu. Wake yeye hakuwahi kuuona, kwa sababu ulikuwa ndani. Huu ulikuwa umemkalia mdogo wake usoni, na ulikuwa wa kutisha.

"Acha hivyo vitu, Bakili."

"Ijumaa nikitoka kuswali navuka. Nampa talaka yake, kila mtu ashike njia."

Kijakazi alitaka amwambie pale pale, wakiwa wawili tu. Akajijua. Pale pale angelia, Bakili angemhurumia, angesema basi dada yaishe, na ingebaki siri ya wao wawili, na Najma angerudi kama mtu aliyesamehewa.

"Kesho omba ruhusa kazini," akasema. "Nina kikao dukani. Nimeambiwa niende na mtu."

*

Walikaa ghorofani, katikati ya maboksi ya mahotipoti. Eliakimu alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, kwani Najma alikuwa amemweleza kwamba yeye aliyeumizwa hawezi kuendesha kikao, ataandika tu. Mwalimu Severa alikaa pembeni na faili lake. Bakili alipopanda na kumkuta mkewe na kalamu, alijaa hasira.

"Ndiyo mnavyomfanya dada yangu?" akasema. "Mwanafunzi hakwenda kazini, anayehukumiwa ni muuza duka?"

"Anayesindikiza awe mfanyakazi mwenzake," Najma akasema bila kumtazama. "Ndivyo utaratibu ulivyo."

"Nimemtaka mdogo wangu," Kijakazi akasema. "Nisipokuwa naye sina la kusema."

Eliakimu akamtazama mwalimu, mwalimu akatazama faili. "Akae," Eliakimu akasema. "Duka ni langu." Akavaa miwani, akaanza kusoma maswali aliyoandaliwa, polepole, kama mtoto anayesomeshwa mbele ya darasa. "Mtumishi, unatuhumiwa kwamba Jumanne ulimpa mgeni wa ofisi taarifa za uongo. Unakubali au unakataa?"

Jibu la Safari lilikuwa mdomoni. Kodi. Makelele. Kijakazi alimtazama Bakili, aliyekuwa ameegemea boksi amekunja ngumi kwa ajili yake, yuko tayari kugombana na yeyote. Hicho ndicho alichokuwa anakitaka miaka yote.

"Nakubali," akasema.

"Dada," Bakili akasema.

"Tulia. Umekuja kunisindikiza, si kunisemea." Akamgeukia Eliakimu. "Mwalimu alijitaja. Nilimsikia vizuri. Najma alikuwa humu humu ghorofani. Hizi mbao ni nyembamba, bosi, mtu akitembea huku juu sisi chini tunajua anaelekea mezani au dirishani. Siku ile alikuwa anatembea juu ya kichwa changu wakati nasema hatujamwona. Siku zote alikuwepo. Hakuna siku hata moja hakuwepo."

Chini Safari alikuwa anabishana na mteja bei ya sufuria.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" Eliakimu akauliza. Hilo halikuwepo kwenye karatasi.

"Wivu."

"Wivu wa nini? Wewe si ndiye uliyemleta?"

"Nilimleta huku naomba umkatae. Nilimwonea wivu kwa chai, kwa kiti hicho ulichokalia, kwa shati lake." Alisema hayo akitazama sakafu, kisha akainua uso kwa mdogo wake. "Na juzi mkeo aliponishika mkono nikwambie ukweli, nilikuwa najua. Nikakuacha umtoe nyumbani. Huyo Allen hahusiki, Bakili. Mwongo wako ni mimi."

Bakili alikaa chini, pale pale juu ya boksi, likabonyea. Kalamu ya Najma ilikuwa imesimama. Mwalimu Severa akakohoa kidogo, na Najma akaendelea kuandika, machozi yanadondoka pembeni ya karatasi anayafuta kwa kiganja.

"Una lolote la kujitetea?" Eliakimu akarudi kwenye karatasi.

"Sina."

Eliakimu akavua miwani. Alifikiri kwa muda, maana mtu aliyekubali kosa lake mbele yake hakuwahi kumpata tangu afungue duka. Akasema atampa barua ya onyo, na kaunta ataishika Safari, na Kijakazi ataanzia stoo mpaka yeye bosi atakapoweza kumwamini tena. Kijakazi akaitikia kwa kichwa. Kupokea amri kutoka kwa Safari. Hilo nalo lilimchoma, akaliacha limchome.

"Najma," Bakili akasema kwa sauti ya chini. "Twende nyumbani."

"Niko kazini."

"Ukitoka, basi."

"Nikitoka naenda kwetu. Ulinitoa mbele ya mama yako kwa neno la mtu mmoja, hukuniuliza la pili. Ukinitaka, uje na mama na dada, mniombe mbele ya baba. Nikikubali, nimekubali. Nikikataa, utarudi na pantoni."

"Nitakuja," Kijakazi akasema kabla Bakili hajajibu. Najma akageuza karatasi.

Mwalimu akafungua ukurasa wa mwisho wa faili lake. Alikuwa na swali moja lililobaki, ambalo huulizwa mtumishi mwenyewe ili mwanafunzi apewe maksi zake. Akaliuliza kwa upole, kwa kuwa alishaona kwamba mwanamke huyu akijibu vibaya fildi inaharibika tena.

"Dada Kijakazi, umeridhika na namna ulivyosikilizwa leo?"

Kijakazi alimtazama Najma, ile kola ya gauni la kuazima, vidole vyenye wino, na wivu ulikuwa bado upo, haujaenda popote.

"Nimeridhika," akasema. "Nimepewa barua, nimepewa muda, nimeulizwa. Mimi nilikuwa nimefaulu kwenda kidato cha tano. Nikatolewa ili nije hapa nishike ufagio, ada impeleke Bakili sekondari. Siku ile hakuna aliyekaa kikao. Niliambiwa tu kesho usiende."

Bakili akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Najma akamtazama mwalimu wake, mwalimu hakumsaidia. Akamgeukia Kijakazi.

"Wifi," akauliza, "na hilo niliandike?"

"Liandike."